Barabara ya lami imefika, kwa nini mchungaji bado anahitaji pikipiki?



Katika toleo hili tumeona ni vema kujibu swali ambalo limekuwa likitufikia kutoka pande mbili. Baadhi ya wahisani wanatuuliza: barabara ya Kidatu hadi Ifakara sasa ni lami, na daraja la mto Kilombero lipo, mbona fungu la usafiri wa wachungaji katika bajeti halipungui? Nazo baadhi ya kamati za sharika, zinapobanwa na fedha, fungu la kwanza kukatwa ni hilohilo la mafuta ya pikipiki ya mchungaji. Swali ni la haki. Tutajaribu kulijibu kwa kueleza safari hizo zinaelekea wapi, zinafanyika lini, na nini kinafanyika mchungaji akishafika.

KILICHOBADILIKA

Ni kweli kwamba kusafiri katika bonde letu si kama zamani. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, chenye urefu wa km 66.9, kwa miaka mingi kilikuwa cha vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Wengi wenu mnakumbuka mabasi yaliyolala njiani na abiria walioshuka kusukuma. Jiwe la msingi la barabara ya lami liliwekwa mwaka 2018, na barabara ikazinduliwa Agosti 2024. Kwa upande wa kusini, waliokwenda Lupiro, Itete na Malinyi walitegemea kivuko, na mto ukifurika walikaa ng'ambo wakisubiri. Januari 2016 kivuko hicho kilizama kwa dhoruba. Tangu mwaka 2018 tunalo Daraja la Magufuli, lenye urefu wa m 384, na mgonjwa anayeletwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, havushwi tena usiku kwa kubahatisha.

Hata tembo wamefikiriwa. Katika ushoroba wao eneo la Mang'ula, barabara imejengewa njia ya chini ili wavuke kati ya milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere bila kukutana na magari. Wachungaji wanaorudi jioni kwa pikipiki wameipokea habari hiyo kwa furaha kubwa kuliko sisi tunaopita hapo ndani ya gari la ofisi.

USHARIKA HAUKO BARABARANI

Wahisani walio mbali huenda wakadhani usharika ni kanisa moja, na mchungaji anakaa pembeni yake. Kwetu usharika ni kanisa hilo pamoja na mitaa yake, minne, mitano au zaidi. Kila mtaa una mwinjilisti wake anayeongoza ibada ya Jumapili, anayefundisha na kutembelea wagonjwa. Mchungaji ni mmoja. Ubatizo, Chakula cha Bwana, Kipaimara na ndoa vinamsubiri yeye. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, lakini mtoto mwenye afya aliyezaliwa Februari atamsubiri mchungaji. Mchungaji asipofika mpaka Agosti, mtaa mzima umekaa miezi sita bila Meza ya Bwana. Kitabu cha mahudhurio hakionyeshi pengo hilo, kwa sababu ibada za Jumapili zimeendelea.

Sasa tazameni ramani. Barabara inapita chini ya milima ya Udzungwa, kutoka Kidatu kupitia Sanje, Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege hadi Ifakara. Upande wa milimani kuna Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, kwa hiyo vijiji havina pa kupanukia huko. Watu wakiongezeka wanashuka upande wa pili, kuelekea mtoni, kwenye udongo mweusi unaofaa mpunga. Huko ndiko mitaa mipya ilikozaliwa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya chini ni eneo oevu linalotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, lenye karibu km za mraba 8,000. Oevu maana yake ni maji. Masika ya mwaka 2024 yalipoleta mafuriko katika bonde, barabara kuu ilikuwa jambo moja na njia za kwenda mitaani jambo lingine kabisa.

Lami basi imemsaidia mchungaji kufika upesi kwenye njia panda. Kutoka hapo safari inaanza. Kiangazi ni pikipiki. Mvua zikichanganya, pikipiki inaachwa kwa mzee wa kanisa na mchungaji anaendelea kwa miguu, na mahali pengine kwa mtumbwi, vyombo vya Chakula cha Bwana vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

MPUNGA NDIO UNAOPANGA MWAKA

Hili ndilo jambo ambalo tungependa lieleweke zaidi kuliko mengine, maana hata sisi wa ofisini hupanga ratiba kama vile watu wanakaa mahali pamoja mwaka mzima.

Mvua za kwanza zikinyesha, Novemba au Desemba, watu wanaanza kulima. Kufikia Januari na Februari familia nyingi zimeshahamia mashambani, mwendo wa saa kadhaa kutoka kijijini. Wanajenga vibanda vya nyasi na madungu, wanapalilia, wanaamia ndege mpunga unapoanza kuzaa, wanavuna Juni na Julai, kisha wanarudi. Kijijini wanabaki wazee, wagonjwa na wanafunzi, na wakati mwingine binti wa darasa la sita ndiye mwangalizi wa nyumba na wadogo zake watatu. Anayehesabu waliohudhuria ibada mwezi Machi ataandika kwamba mtaa umepoa. Haujapoa, umehamia shambani.

Mchungaji mwenye busara huhama nao. Ibada inafanyika chini ya mti, mapema kabla jua halijawa kali na kabla kwelea hawajashuka, na watoto wa Shule ya Jumapili wanakaa juu ya dungu kwa sababu ndiko kukavu. Sadaka ni kidogo sana wakati huo, pengine hakuna. Mwezi Machi ni mwezi wa njaa. Sadaka itakuja Julai na Agosti, siku ya mavuno, magunia na madebe yatakapopangwa mbele ya madhabahu na kunadiwa baada ya ibada, na watu watashindana kumnunulia mjane jogoo aliyemtoa mwenyewe. Kamati zinazopima safari ya mchungaji kwa sadaka iliyopatikana siku hiyohiyo hujikuta zikimpeleka Agosti tu, wakati wa shibe. Sisi tunaona safari ya Machi ndiyo inayozaa sadaka ya Agosti, ingawa hatuna kitabu cha hesabu kinachoweza kuthibitisha hilo.

Na Machi ndipo mambo mengi yanapoonekana. Chukueni malaria. Bonde letu ni miongoni mwa mahali palipoisaidia dunia kuelewa chandarua chenye dawa. Kuanzia mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walihimiza matumizi ya vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 walipolala ndani ya vyandarua hivyo. Lakini chandarua ni kimoja, kitanda kiko kijijini na mtoto yuko shambani kwenye mbu wengi zaidi. Mchungaji anayelala usiku mmoja kwenye kibanda hahitaji dodoso. Ataona mwenyewe kama kuna chandarua juu ya mkeka, atauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, na atajua nani amekwisha kuuza mpunga wake ungali kijani, kwa bei ya chini, ili apate unga wa wiki mbili. Vikundi kadhaa vya kuweka na kukopa katika sharika zetu vilianza kwa mazungumzo ya namna hiyo, jioni, kando ya moto, baada ya watu kuona aibu imepungua.

Kusini mwa mto, upande wa Mahenge, kuna jambo jingine ambalo hugunduliwa kwa kutembelea tu. Kifafa ni kingi huko kuliko sehemu nyingi za nchi. Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya wagonjwa hao Mahenge karibu mwaka 1960, na utafiti wa miaka ya baadaye umekihusisha na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Dawa za kuzuia kuanguka zipo, na dawa ya usubi hugawiwa vijijini. Tatizo ni kwamba kijana mwenye kifafa mara nyingi hafikishwi zahanati. Anakaa chumba cha nyuma, ana makovu ya moto kwa sababu alianguka jikoni, na majirani wanaogopa kumgusa wakiamini mate yake yanaambukiza. Yatakwenda matangazo na mabango, lakini mchungaji akimshika mkono kijana huyo mbele ya watu, akamwekea mikono na kumwombea, kisha akamwambia baba yake siku ya kliniki ni ipi, yule baba atakwenda. Tumeambiwa mara nyingi na watu wa afya kwamba hilo wao hawaliwezi bila mchungaji, kama vile mchungaji asivyoweza kutoa vidonge.

KIDATU NA KAMBI ZA MIWA

Kidatu kwenyewe habari ni tofauti. Ni mji ulioitwa na kazi. Bwawa la Mto Ruaha Mkuu lilijengwa miaka ya 1970, na mtambo wake una uwezo wa megawati 204. Kuna viwanda vya sukari vya Msolwa na Ruembe, kimoja kila upande wa mto. Kuna mahali mizigo inapohamishwa kati ya reli ya TAZARA na reli ya zamani inayotoka Kilosa, kwa kuwa upana wa njia hizo haulingani. Kila kazi ilileta watu wake, kutoka Iringa, Njombe, Mbeya, Songea na mbali zaidi, na wengi waliokuja kwa mkataba wa miezi sita wamezaa wajukuu hapa.

Msimu wa kukata miwa ukianza katikati ya mwaka, wanakuja vijana wengine. Shamba linachomwa moto kwanza ili majani yaishe, ndipo wakataji waingie, na jioni wanatoka weusi kwa masizi, macho tu yanaonekana. Kiwanda hakizimwi kwa sababu ni Jumapili. Mchungaji anayetaka kuwaona wakataji hawezi kupiga kengele na kungoja, anakwenda kambini saa moja jioni, wanapopika. Wengi ni Walutheri waliobatizwa na kupata Kipaimara kwao, lakini hawakuja na barua ya utambulisho kutoka usharika wao, kwa vile waliondoka usiku wakiwahi lori. Kwa daftari zetu hawapo.

Jambo hili huonekana dogo mpaka mtu afe. Kijana akifia kambini, wenzake wanamjua kwa jina la utani na mkoa wake tu. Kuna maiti ya kuhifadhiwa, kuna wazazi wasiojulikana waliko, kuna nauli, kuna swali la nani atamzika na kwa ibada gani. Ikiwa mchungaji alikwisha kufika kambini hata mara mbili, ataijua sura yake, na pengine aliandika katika kijitabu chake kwamba huyu anatoka usharika fulani kule Njombe. Simu moja kwa mchungaji wa huko, na kabla ya jua kuzama wazazi wamepata habari kwa kinywa cha mtu wanayemwamini. Ikiwa hakufika, basi. Tunaandika haya kwa sababu kijitabu cha namna hiyo hakimo katika fomu yoyote ya taarifa tuliyowahi kumtumia mhisani.

Wakataji hao si kundi linalopungua. Upanuzi wa kiwanda uliotangazwa mwaka 2021 ulilenga kupandisha uzalishaji wa sukari kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka, na miwa ya ziada inategemewa zaidi kutoka kwa wakulima wa nje, ambao mashamba yao yanakatwa na vibarua haohao. Wakulima hao nao wana shida zao za kugeuza shamba lote kuwa miwa na kununua chakula dukani, lakini hilo tutaliacha kwa toleo jingine.

HESABU YENYEWE

Tuchukue usharika wa mfano wenye mitaa mitano, iliyo umbali wa km 6, 11, 18, 25 na 34 kutoka nyumbani kwa mchungaji. Kwenda na kurudi mara moja kila mtaa ni km 188. Akienda kila mtaa mara mbili kwa mwezi, mara moja kwa ibada na mara moja katikati ya wiki kwa wanafunzi wa Kipaimara na wagonjwa, ni km 376. Misiba miwili kwa mwezi, kila mmoja safari tatu, ya kuhani, ya kuzika na ya kuwafariji waliobaki, kwa wastani wa km 20 kwenda, ni km 240. Kikao kimoja Ifakara kutoka Kidatu, kwenda na kurudi, ni km 134. Jumla ni km 750.

Pikipiki ndogo kwenye njia nzuri inakwenda kama km 40 kwa lita, na kwenye matope tuseme 30. Kwa hiyo mchungaji huyu anahitaji kati ya lita 19 na 25 kwa mwezi, pamoja na oili, mpira mara kwa mara, mnyororo na fundi. Linganisheni na gari la ofisi, ambalo likienda Morogoro kwenye semina ya siku moja na kurudi Ifakara hunywa lita 50 na zaidi. Yaani semina moja inakula mafuta ya mchungaji ya miezi miwili. Hatusemi semina zisiwepo, tunazipenda kama wengine, na chai yake ni nzuri. Tunasema kamati inayotafuta pa kukata iangalie kwanza huko.

Lipo pia jambo la nani analipa. Zipo sharika ambako mchungaji hujaza tangi kwa fedha za mfukoni mwake, yaani kwa ada ya shule ya watoto wake, na mama mchungaji ndiye anayejua. Zipo ambako mtaa unaomwalika ndio unaotakiwa kulipa mafuta, na hapo mtaa wenye wafanyabiashara hutembelewa kila mwezi, wakati mtaa wa wapalizi, ulio mbali zaidi, huona aibu kualika. Mfumo huo haukutungwa na mtu mbaya. Ulianza kama ukarimu. Lakini matokeo yake ni kwamba maskini ndiye anayekaa muda mrefu bila kumwona mchungaji wake, na hakuna kikao kilichowahi kupitisha uamuzi huo.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwa kamati za sharika: mafuta ya ziara za mitaani yawekwe katika bajeti ya usharika mzima, yasidaiwe kwa mtaa mmoja mmoja. Ratiba ya mwaka ipangwe mbele ya wainjilisti, kwa kuwa wao ndio wanaojua familia zipi zitahamia shamba lipi na lini. Ziara mbili ziwe za lazima kati ya Januari na Aprili. Na kila mtaa uwe na mzee mmoja anayeandika majina ya wageni wa msimu na usharika wanakotoka, hata kama hawana barua.

Kwa wahisani: mradi wa vyandarua, wa maji, wa kifafa au wa vikundi vya akiba ukiandikwa, tunaomba kipengele cha usafiri wa mchungaji na mwinjilisti kiwe ndani ya kazi za mradi, kisiwekwe pamoja na vifaa vya ofisi na simu kwenye gharama za uendeshaji. Tunajua kwamba wengi wenu mna kiwango cha juu cha gharama hizo, na kinapopitwa mnalazimika kukata. Katika bonde hili, kwa kukata hapo mnaondoa mikono ya mradi na kubakiza dawati lake.

Fomu mpya ya bajeti ya usharika ina ukurasa wa ratiba ya ziara, wenye safu ya mwezi, mtaa, shughuli ya kilimo ya wakati huo na kilomita. Nakala ziko kwa wakuu wa majimbo. Tunaomba zirudishwe zikiwa zimejazwa kabla ya mvua za kwanza, maana baada ya hapo hata wajumbe wa kamati tutawakuta mashambani.